Maria Si Mary

Tulikuwa hatuna memori kadi. Sijui kama dukani zilikwisha au kaka aliishiwa pesa, kila mmoja wetu ana kumbukumbu yake. Kaka ni mtoto wa mama mkubwa, amenizidi miaka saba, na ndiye aliyeingiza PlayStation 2 katika nyumba tuliyopanga Tabata, ikiwa na pedi mbili, moja imefungwa plasta, na kifuko cha CD za kunakili zilizoandikwa majina kwa maka pen. Karibu zote zilikuwa za mpira. Moja iliandikwa SH2 tu, bila maelezo.

Bila memori kadi mchezo hauhifadhi chochote. Ukizima, au umeme ukikatika, umepoteza yote. Kwa hiyo kila Jumamosi yule Mzungu mwenye koti la kijani la kijeshi alianza palepale alipoanzia Jumamosi iliyopita: chooni, kando ya barabara kuu, mkono usoni, akijitazama kwenye kioo kichafu. Saa ya kwanza ya mchezo ule niliijua kama njia ya kwenda shule. Saa ya nne sikuwahi kuiona. Usiku mmoja tulizima televisheni, mashine tukaiacha inawaka, kaka akaifunika kwa kanga ya mama mkubwa ili kile kitaa cha kijani kisituchongee. Alfajiri umeme ukakatika.

Kiingereza changu hakikutosha kufuata hadithi. Nilielewa kwamba mkewe amekufa na kwamba amemwandikia barua. Hilo halikunishangaza. Nyumbani tulikuwa tukisikia marehemu wakija ndotoni kuulizia deni, au kulalamika kwamba hawajasomewa dua. Kilichonishangaza ni kwamba huyu alipoitwa, alikwenda.

Silent Hill 2 ulitoka Septemba 2001, kazi ya kikundi cha ndani ya Konami ya Japani kilichoitwa Team Silent. James Sunderland anapata barua ya Mary, mkewe, ambaye maradhi yalimchukua miaka mitatu nyuma. Barua inasema anamngoja Silent Hill, mji mdogo wa Marekani kando ya ziwa Toluca, ambako waliwahi kwenda kupumzika. Kutoka kile choo hadi nyumba za kwanza kuna njia inayoteremka msituni, na katika njia hiyo hakuna kitu. Hakuna adui wala cha kuokota. Ni kukimbia tu dakika baada ya dakika, ukungu mbele, ukungu nyuma, na mara moja moja mlio usiojua umetoka wapi. Urefu ule ulikusudiwa: walitaka mchezaji ajione ameshakwenda mbali mno kuweza kugeuka. Mimi nimeiteremka njia ile mara thelathini, labda arobaini, na sikugeuka hata mara moja.

Nilikuja kuumaliza nikiwa chuo, kwenye kompyuta ya kuazima. Ndipo nikajua kilichokuwa chumba namba 312 cha hoteli ya Lakeview, na kilichokuwa ndani ya ule mkanda wa video: Mary kitandani, James anamwinamia, na mto.

Kwa hiyo iliposikika Oktoba 2022 kwamba mchezo huu utaundwa upya, nilishikwa na wivu wa ajabu, kama mtu aliyesikia nyumba aliyokulia inapakwa rangi na wapangaji wapya. Kazi walipewa Bloober Team, studio ya Kraków huko Poland, chini ya uongozi wa Mateusz Lenart. Kulikuwa na sababu ya kuhofu. Mwaka 2012 Konami walitoa mkusanyiko wa michezo yao ya zamani uliosafishwa picha, na ikagundulika kwamba msimbo wa mwisho wa Silent Hill 2 haukuhifadhiwa. Waliofanya kazi ile walipewa nakala ambayo haijakamilika, wakaziba wenyewe yaliyopungua. Ukungu ukawa mwepesi mahali ulipopaswa kuficha, na kibao kimoja kikaandikwa kwa hati ya Comic Sans, ile ya kadi za mialiko ya kipaimara. Nilicheka sana niliposoma habari ile. Kumbe Konami nao hawakuwa na memori kadi.

Toleo jipya lilitoka tarehe 8 Oktoba 2024. Nililipakua usiku kucha, mabando mawili yakaisha, la tatu nikakopa. Asubuhi nikawasha. Choo kilekile, mkono uleule usoni. Nikasubiri nichukie.

Sikuchukia. Jambo la kwanza lililonishinda lilikuwa ukungu. Katika Silent Hill ya kwanza, ya 1999, ukungu na giza vilikuwa kitambaa cha kufunikia umaskini wa mashine: PlayStation ya wakati ule haikuwa na nguvu ya kuchora vya mbali, basi vya mbali vikafichwa. Mashine ya leo inaweza kukuchorea mji mzima hadi paa la mwisho. Bloober Team wameinyima ruhusa hiyo. Ukungu wao unatembea, unajikunja kwenye kona za majengo, unaingia chini ya magari, na tochi ukiielekeza ndani yake mwanga unakurudia usoni. Akira Yamaoka, aliyetunga muziki wa kwanza, amerudi kuupiga upya, na Masahiro Ito, aliyebuni viumbe vile, naye amerudi. Kwa muda wa kama saa mbili nilikuwa mtoto wa Tabata mwenye televisheni nzuri.

Kisha nikaokota ubao, na nikaanza kupigana vizuri.

Hapa ndipo shaka ilipoingia. James wa 2001 alipiga kama mtu anayeua nyoka kwa mara ya kwanza maishani, ubao juu, macho nusu yamefumba, na baada ya pigo anachelewa kujirudi. Kamera nayo haikuwa yake. Mara nyingi iliwekwa na waundaji, kwenye kona ya dari au mwisho wa korido, ikimtazama anavyokuja. Redio mfukoni ilianza kukwaruza, maana yake kuna kitu karibu, na kitu chenyewe kilikuwa upande huu wa kamera, upande wangu, nisikoweza kuona. Nilikuwa natembeza mtu kuelekea kwenye jambo ambalo aliyeishika kamera analijua na mimi silijui. Wengi waliuita ule udhaifu wa kiufundi. Mtoto aliyekaa sakafuni mbele yake aliujua kwa jina lingine.

James mpya ana kamera begani na kitufe cha kukwepa. Kufikia hospitali ya Brookhaven nilishakuwa bondia: kwepa kulia, bomba la chuma mara mbili, kanyaga. Wauguzi wale wasio na nyuso walikuja mmoja baada ya mwingine na nikawamaliza mmoja baada ya mwingine, huku nikihesabu risasi kama mwenye duka. Risasi zenyewe nilizipata wapi? Kwenye magari. Toleo jipya linakuruhusu kuvunja vioo vya magari na madirisha ya maduka ili kuchukua kilichomo, nami nikajikuta nakimbia mtaa mzima nikipasua vioo, pa, pa, pa, ubao mkononi. Huyu ni mjane aliyekuja kumtafuta mkewe. Baada ya gari la kumi nilisimama nikacheka peke yangu sebuleni. Mtu mwenye msiba hakagui viti vya nyuma.

Lakini niwe mkweli, maana nilishajiapia kwamba sitaandika kama mzee anayelilia zamani. Waliponyang'anywa kamera iliyofungwa, Bloober Team walitafuta njia nyingine ya kunifanya nisione. Kuna viumbe vinavyoitwa Mannequin, jozi mbili za miguu zilizounganishwa kiunoni, bila kichwa, kama midoli ya kuvalishia nguo dukani iliyofungwa na fundi mlevi. Zamani vilisimama tu. Sasa vinajificha. Katika nyumba za Wood Side niliingia chumba kimoja, nikamulika kitanda, kabati, nikachukua kinywaji cha kuponya mezani, nikageuka kutoka. Nyuma ya mlango, mahali nilipopita nikiingia, miguu ilikuwa imesimama imejibana ukutani. Haikunishambulia mara moja. Ilikuwa inasubiri nikamilishe kugeuka. Tangu hapo kila chumba nilikiingia nyuma nyuma kama mtu anayetoka mbele ya mfalme, na hiyo hofu ni yao, hawakuirithi kwa Team Silent.

Tatizo ni kwamba waliipenda mno. Mchezo wa zamani unamalizika kwa saa 8 hivi. Mpya unakula 15, wengine zaidi. Nyumba za kupanga zimekuwa ndefu, hospitali imekuwa ndefu, na gereza la Toluca halina mwisho. Korido, ufunguo, korido, mapigano, uzani wa kuweka kwenye mizani, korido tena. Hofu nayo hukinaisha. Mahali fulani kule gerezani, kitu kinatambaa ukutani juu ya kichwa changu, niliangalia simu. Wale wa 2001 hawakuogopa kuniacha na chumba kitupu. Hawa wanaonekana kuamini kwamba aliyelipa bei kamili akikuta chumba kitupu atadai pesa yake, na huenda wanamjua mteja wao, maana nakala milioni moja zilikwisha katika siku chache tu.

Sauti ni habari nyingine. Guy Cihi, aliyekuwa James wa kwanza, hakuwa mwigizaji wa kazi, na inasikika. Maneno yanamtoka kama ya mtu anayeongea usingizini, yanachelewa nusu sekunde, halafu yanatoka kwa wepesi usiolingana na jambo. Anaelezwa kwamba mji una kasoro na anajibu kana kwamba kaambiwa basi limechelewa. Tulizoea kuicheka sauti ile. Ukishajua kilichomo kwenye mkanda, hucheki tena: hivyo ndivyo anavyoongea mtu ambaye sehemu ya akili yake imefungiwa chumbani na ufunguo umetupwa. Luke Roberts wa 2024 ni mwigizaji kamili, na James wake ana huzuni tangu kioo cha kwanza. Unamhurumia mapema. Mimi sikuwahi kumhurumia yule wa zamani mapema. Nilimshuku kwanza, na nadhani huo ulikuwa mpangilio bora.

Ila kuna Angela. Angela ni msichana ambaye James anakutana naye makaburini mwanzoni kabisa, anamtafuta mama yake, na polepole unaelewa kwamba baba yake alimtendea jambo ambalo mchezo unakataa kulitaja waziwazi. Mara ya mwisho anaonekana kwenye ngazi za hoteli, na ngazi zote zinawaka moto. Anamdhania James kuwa mama yake, kisha anajua siye. Anamwuliza kama atampenda, kama atamtunza. Anadai kisu chake, James anakataa kukitoa. Anageuka, anapanda, moto unamfunika. Katika toleo la zamani lile swali linaulizwa na ukimya unafuata, na ukimya ni wa nyuso mbili zisizoweza kusogea sana. Katika toleo jipya uso wa James unasogea. Unafungua mdomo. Unafanya hesabu, unaona hautoshi, unafunga. Na Angela anauona unavyofanya hesabu. Nimeirudia sehemu ile mara tatu, na kila mara nimesimama pale ngazini baada ya yeye kuondoka, pedi ikiwa mapajani.

Katika bustani ya Rosewater, kando ya ziwa, James anamkuta mwanamke anayemdhania mkewe. Uso ni wa Mary, sauti ni ya Mary. Nywele na mavazi ndivyo vinavyotofautiana. Anaitwa Maria. Katika matoleo yote mawili wanawake hawa wameigizwa na mtu mmoja, Monica Horgan mwaka 2001 na Salóme Gunnarsdóttir mwaka 2024. Mary tunayemjua kwa sauti za mbali alikuwa mgonjwa aliyeharibika sura, aliyemfukuza mumewe chumbani na kumwita tena kabla hajafika mlangoni. Maria hana ugonjwa. Anacheka, anatania, anamshika mkono. Mji umemtazama James moyoni ukaona anachokitaka, ukamtengenezea: mke wake, afya tele, bila ile miaka mitatu.

Kwa maneno mengine, Maria ni Mary aliyeundwa upya.

Sijui kama kule Kraków walilisema hili kwa sauti walipokuwa wakifanya kazi. Mimi lilinijia nikiwa mbele ya nondo. Maria ameshauawa mbele ya macho yangu, kule hospitalini, tukimkimbia Pyramid Head, lile jitu lenye chuma cha kutu kichwani, na milango ya lifti ikafungwa kati yetu. Sasa yuko hai, ameketi upande wa pili wa nondo, hana jeraha. Anaanza kusimulia safari ya hotelini, jinsi James alivyosahau ule mkanda wa video. Haya anayajua Mary peke yake. Ukimwuliza yeye ni nani, jibu linateleza. Nami nilikuwa nimeshika pedi mpya, nikimtazama mwanamke mwenye uso uleule lakini ngozi bora zaidi, mavazi yamesitiri zaidi kuliko zamani, akikumbuka kila jambo nililolipenda na kulitamka vizuri kuliko lilivyotamkwa mwanzo. Nilimpenda. Nilijua pia kwamba ninachompendea si chake.

Wazee husema usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakusema mbachao ukishaoza ufanyeje. Mtu mwenye PlayStation 5 tu, mchezo wa 2001 haupo kwa ajili yake. CD yetu ya Tabata ilikwaruzika ikafa. Kijana wa leo akitaka kwenda Silent Hill atamkuta Maria amekaa gatini, na hatakuwa na sababu ya kujua kwamba kulikuwa na mwingine.

Na bado nasema ni kazi nzuri. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi. Angekuwa Maria mbaya ningerudi nyumbani mapema.

Mchezo huu haukuulizi unataka mwisho upi. Unakuchungulia. Ukiitazama picha ya Mary mara kwa mara, ukijitibu haraka unapoumia, unahesabiwa hivi. Ukimganda Maria, ukirudi kumwona alipolala chumba cha hospitali, unahesabiwa vile. Ukikichunguza sana kisu cha Angela, ukitembea na majeraha bila kujali, kuna hesabu nyingine. Mwishoni unapewa hukumu bila kusomewa mashtaka. Toleo la zamani, ukihesabu na nyongeza zake za baadaye, lilikuwa na miisho 6, pamoja na ule wa mbwa, ambao sitauharibu. Jipya limeongeza 2.

Mimi nilipata ule wa maji: James, gari, ziwa, na Mary naye. Nilishangaa, maana sikumtakia kifo. Nikafungua mfuko wake kabla sijazima nikaona vinywaji vya kuponya vimejaa, na sindano juu yake. Saa zote zile nilimtembeza akiwa damu tupu, anachechemea, ili niweke akiba. Mchezo ulisoma mtu asiyejali kuishi. Mimi nilikuwa nimelelewa katika nyumba ambayo soda ya wageni haiguswi hata wageni wasipokuja mwaka mzima. Siwezi kuulaumu. Kutoka nje, mambo haya mawili yanafanana.

Jambo la mwisho, halafu niache. Toleo jipya limetawanya picha 26 za ajabu mjini, kila moja ina maneno machache yaliyoandikwa juu yake. Kabla mwezi haujaisha wachezaji walishavunja fumbo: hesabu vitu fulani ndani ya picha, chukua herufi ya namba hiyo katika maneno, unga. Inatoka sentensi moja inayomwambia msomaji kwamba amekuwa hapa miongo miwili. Humo njiani kuna maiti za wanaume wenye koti kama la James, mmoja ameketi mbele ya televisheni. Wapo wanaosoma hivi: James hajawahi kutoka, anaanza tu upya. Wengine wanaona ni salamu kwa mashabiki. Mimi nilikumbuka kanga.

Desemba kaka alikuja kwangu. Ana kipara sasa, na watoto wawili wanaomshinda mpira wa kwenye simu. Nikamwashia. Choo, mkono, kioo.

"Hii si ile ya chooni?" akaniuliza. "Dogo, baada ya zile nyumba kulikuwa na nini?"

Sikumwambia. Nikampa pedi. Aliteremka njia ya msituni polepole, hakukimbia kama tulivyokuwa tukikimbia, na uliposikika ule mlio alisimamisha mtu wake akanitazama. Alicheza mpaka saa nane usiku. Nilimwambia siku hizi mashine inahifadhi yenyewe, azime tu akalale. Akaitikia, akachukua rimoti, akazima televisheni. Mashine akaiacha inawaka.